Wagonjwa wa VVU wanaofika wakiwa wamechelewa: ni jambo gani limeleta mabadiliko kwenye vituo vyenu?

Tabibu wa Nyanda za Juu (mleta mada)

Wenzangu watoa huduma, habari za kazi. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Njombe, mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU yakifikia asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Ninaomba uzoefu wenu kuhusu wagonjwa wanaofika wakiwa katika hatua ya juu ya ugonjwa, yaani wale ambao CD4 zao (chembe za kinga kwenye damu) ziko chini ya 200 au tayari wana magonjwa nyemelezi ya hatua ya tatu na ya nne. Pamoja nao nawahesabu watoto wa chini ya miaka mitano wanaogundulika na hawajaanza dawa, kwa kuwa mwongozo unawaweka wote kwenye kundi hilo bila kungoja CD4.

Tulipoanza mpango wa kumpa dawa kila anayepimwa na kukutwa na maambukizi, mwaka 2016, wengi wetu tuliamini kwamba wagonjwa waliokonda kiasi cha kubebwa mgongoni wangebaki kuwa historia. Wamepungua kweli, lakini hawajaisha, na sura yao imebadilika. Zamani alikuwa mtu asiyejua hali yake. Sasa, mara nyingi, ni mtu mwenye kadi ya CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU, iliyochakaa, aliyewahi kunywa dawa vizuri, akahamia kwenye kambi ya wapasua mbao au shamba la chai, akaacha, na amerudi kwa sababu amezidiwa.

Kwenye karatasi tuna kila kitu: kipimo cha CD4, kipimo cha mkojo cha LAM kwa ajili ya kifua kikuu, kipimo cha CrAg kwa ajili ya fangasi wa kriptokokasi wanaoshambulia ubongo, Septrini ya kukinga magonjwa nyemelezi, dawa za kuzuia kifua kikuu. Kwenye uhalisia damu ya CD4 huondoka na pikipiki kwenda hospitali ya halmashauri, majibu hurudi mgonjwa akiwa ameshakwenda zake, na karatasi ya majibu hubandikwa kwenye faili hadi tarehe ya kliniki ijayo. Kuna mgonjwa ambaye majibu yake ya CD4 niliyasoma siku ndugu zake walipokuja kuniarifu kwamba wameshamzika.

Ombi langu ni moja. Kwa wale mliofanikiwa kupunguza vifo hivi kwa watumishi walewale na majengo yaleyale, ni hatua gani ya kazi ya kila siku mliyoihamisha, na aliyekabidhiwa ni nani? Tafadhali tusijibiane kwamba mafunzo zaidi yanahitajika. Mafunzo tumepata, na vyeti vimejaa ukutani.

Mteknolojia wa maabara, Kanda ya Ziwa

Ndugu mleta mada, nakujibu kutoka upande wa maabara kwa sababu naona tatizo lako linaanzia kwetu.

Katika hospitali ninayofanyia kazi, utaratibu wa awali ulikuwa huu: daktari anaagiza CD4, majibu yanatoka, daktari akiyaona yako chini anaagiza CrAg, mgonjwa anarudishwa maabara kuchomwa tena. Kila mshale kati ya hatua hizo ulikuwa ni mahali pa mtu kupotelea, maana mtu aliyetoka kijijini alfajiri akiwa na homa hawezi kusimama foleni mara tatu. Tulichobadilisha ni kwamba sasa haagizi mtu. CD4 ikisomeka chini ya 200, mimi mwenyewe nachukua damu iliyobaki kwenye chupa ileile, naizungusha kwenye mashine ili kupata plazma, na kupima CrAg papo hapo. Kipimo chenyewe ni cha utepe, kinachukua kama dakika 10. Mgonjwa hachomwi mara ya pili, wala daktari hahitaji kukumbuka.

Tulichohangaika nacho zaidi ni simu. Tulikubaliana kwamba majibu yoyote ya CrAg yaliyo chanya hayaandikwi tu kwenye rejista, bali aliyepima anampigia muuguzi wa CTC kabla hajavua glavu, na kwenye rejista kuna safu ya jina la aliyepokea simu na saa. Wenzangu walilalamika mwanzoni kwamba wanafanywa makarani. Nawaelewa, ila safu hiyo ndiyo iliyofanya mwisho wa wiki tuweze kuuliza kwa jina: fulani, uliambiwa Jumanne saa nne, mgonjwa yuko wapi?

Kwa kituo chako ambacho hakina mashine, ulizia kipimo cha CD4 cha utepe kinachosoma tu kama mtu yuko juu au chini ya 200. Kinachukua kama dakika 40, na kinataka umakini wa muda, kwani ukikisoma kabla au baada ya wakati wake kitakudanganya. Hakikupi namba kamili, lakini kwa uamuzi wa siku hiyo namba kamili huihitaji. Na LAM usiipeleke popote: ni matone ya mkojo, dakika 25, kisha unalinganisha mstari na kadi ya rejea. Mstari hafifu nao ni mstari, mradi umefikia kiwango cha kwanza cha kadi hiyo. Nimeona watu wakiuita hasi kwa kuwa taa ya chumba ni mbovu.

Muuguzi wa CCC (kliniki ya VVU), Homa Bay

Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Daktari, umesema jambo ambalo sisi hapa Kenya tulichelewa kulikubali, kwamba wengi wa wagonjwa hawa si wapya, ni wanaorudi. Ukishalikubali hilo, swali linakuwa tofauti: kwa nini mtu anayejua mlango wa kliniki ulipo anangoja hadi ashindwe kutembea?

Kwetu jibu lilikuwa la aibu kidogo, nalo lilitoka kwa wagonjwa wenyewe tulipoketi nao. Waliogopa kugombezwa. Aliyekosa kliniki kwa miezi alikuwa akifika anaambiwa angoje hadi wale waliotunza tarehe zao wamalizwe kuhudumiwa, kisha anaketishwa kwa kikao cha ushauri kuhusu umuhimu wa dawa, kikao ambacho tulikiita cha kumsaidia na yeye alikiita cha kuadhibiwa. Wengine walikata shauri kwenda kliniki nyingine na kujiandikisha upya kana kwamba hawajawahi kupimwa. Ukimwona "mgonjwa mpya" anayejua dawa anazopewa kwa rangi na umbo la kidonge, usimshike uongo. Mwulize tu kwa upole ni lini alikunywa cha mwisho.

Tuligeuza mambo mawili. La kwanza, anayerudi anaonwa kabla ya wengine, na neno la kwanza analolisikia ni karibu. Kulikuwa na ubishi, kwa kuwa baadhi ya wenzetu waliona tunawatuza watoro na kuwavunja moyo waaminifu. Mimi naona mtu mwenye kinga ya chini hana muda wa kusubiri kupewa funzo la maadili. La pili, tulitoa kipimajoto na saa kutoka chumba cha daktari tukavipeleka kwenye benchi la nje. Mhudumu anayepokea kadi anahesabu pumzi, anapima joto na mapigo, na anaangalia kama mtu ameingia kwa miguu yake mwenyewe. Pumzi 30 au zaidi kwa dakika, joto la 39 au zaidi, mapigo 120 au zaidi, au kutoweza kutembea bila kushikwa: yeyote mwenye moja kati ya hizo haketi tena kwenye benchi, anapelekwa ndani. Hizo ni dalili za hatari za Shirika la Afya Duniani, hatukubuni sisi. Tulichobuni ni mahali pa kuzitafutia tu.

Na CD4 tunawapima wote wanaoanza, wote wanaorudi baada ya kuacha, na wote ambao wingi wa virusi umepanda. Vipimo vya wingi wa virusi vilipoenea, CD4 ilisahaulika kama mtindo wa zamani wa nguo, nasi tukawa hatuna jicho la kumwona aliye hatarini.

Daktari wa wodi, Dar es Salaam

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi niko upande wa kuwapokea wale mnaowapa rufaa, na nina mambo ambayo ningependa yafanyike kabla hawajafika kwetu, na moja ambalo ningependa lisifanyike.

Lisilofaa ni kuanzisha ARV siku hiyohiyo kwa kila mtu bila kuuliza kama kichwa kinauma. Kasi tunaitaka, na kwa mgonjwa asiye na dalili za kifua kikuu wala za homa ya uti wa mgongo, kuanza ndani ya siku saba, hata leo, ni sawa kabisa. Lakini mwenye maumivu ya kichwa yasiyoisha, shingo ngumu, kuona ukungu au kuchanganyikiwa, usimpe ARV kabla hajatolewa maji ya uti wa mgongo. Kinga inapoamka ghafla wakati fangasi wamejaa kwenye utando wa ubongo, mgonjwa anazidiwa na uvimbe unaoletwa na kinga yake mwenyewe. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa 2014 ulionyesha vifo vya asilimia 45 ndani ya wiki 26 kwa walioanza ARV mapema, dhidi ya asilimia 30 kwa waliosubiri kama wiki tano. Ndiyo sababu tunangoja wiki nne hadi sita tangu tiba ya fangasi ianze. Kwa kifua kikuu kisichogusa ubongo hali ni tofauti: anza dawa za TB, kisha ARV ndani ya wiki mbili.

Kinachofaa ni kumpa flukonazoli, dawa ya fangasi, mwenye CrAg chanya asiye na dalili yoyote: miligramu 800 hadi 1200 kwa siku kwa wiki mbili, kisha dozi ya kati kwa wiki nane, kisha 200 kila siku. Antijeni ya fangasi huyu huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma. Huo ndio muda wenu ninyi wa vituo vya afya. Akifika kwangu akiwa amelala fofofo, muda huo umekwisha kutumika.

Kuhusu tiba ya wodini, mambo yamekuwa mepesi kuliko miaka ya nyuma, ambapo amfoterisini ya kawaida, dawa ya fangasi ya dripu, ilitolewa kila siku huku madhara yake kwa figo na potasiamu yakituumiza vichwa. Utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na siku 14 za vidonge vya fangasi, flusitosini na flukonazoli, haizidiwi na tiba ya zamani, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa chaguo la kwanza. Lakini msidhani kazi imeisha na dripu. Mgonjwa wa kilo 60 anatakiwa kumeza flusitosini ya miligramu 500 vidonge vitatu kila baada ya saa sita, na flukonazoli ya 200 vidonge sita kwa siku. Hivyo ni vidonge 18, kwa mtu anayetapika na ambaye saa sita usiku yuko wodini na muuguzi mmoja. Tulipokagua chati tulikuta dozi za usiku ndizo zinazorukwa. Sasa dozi zote nne zimeandikwa kwa saa kwenye karatasi iliyobandikwa kichwani pa kitanda, na ndugu anayelala na mgonjwa anaelezwa aamshe muuguzi.

Presha ya maji ya ubongo nayo inaua zaidi ya fangasi wenyewe kwenye siku za mwanzo. Hatuna kifaa maalumu cha kuipima kila wakati. Tunaunganisha mrija safi wa dripu kwenye sindano, tunausimamisha wima kando ya utepe wa kupimia uliofungwa kwenye stendi, na kusoma maji yamepanda sentimita ngapi kutoka usawa wa sindano. Yakizidi 25 tunayapunguza taratibu, na tunarudia kesho yake kama kichwa bado kinauma. Kazi kubwa hapo huwa ni kuzungumza na ndugu, maana mtaani imekaa kwamba kuchomwa mgongo ndiko kunakoua. Huwa namwomba ndugu mmoja abaki karibu wakati wa kutoa. Mgonjwa aliyekuwa akilia kwa kichwa akinyamaza na kuomba uji, yule ndugu anakuwa mhubiri wetu kwa wodi nzima.

Tabibu wa Nyanda za Juu (mleta mada)

Shikamoo daktari, na asanteni nyote. Nimepata zaidi ya nilichotegemea. Suala la damu iliyobaki kwenye chupa nitalipeleka kwa mratibu wa UKIMWI wa halmashauri, maana ni uamuzi wa meza moja tu.

Lakini kuna jambo linanitatiza. Nusu ya mnayoyasema yanataka mtu wa kufuatilia mgonjwa nyumbani. Sisi wahudumu hao walikuwa wakilipwa posho na mradi. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, wengi waliacha kuja, na waliobaki wanafanya kwa kujitolea wanapopata nafasi. Simu nazo si jibu kamili, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye kadi mara nyingi ni ya jirani ambaye mgonjwa hakumweleza hali yake. Nifanyeje?

Mshauri rika, Mbeya

Kaka tabibu, mimi si mtaalamu wa hospitali. Ninaishi na virusi, nimekuwa kwenye dawa tangu enzi za vidonge vilivyotupotosha miili, na sasa ni miongoni mwa hao unaosema wanakuja wanapopata nafasi.

Mratibu wetu alitueleza kuhusu utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kutoka 2015, ambapo wagonjwa wenye CD4 chini ya 200 walipimwa CrAg na kutembelewa na watu wa kawaida waliofundishwa, kila wiki, kwa wiki nne za mwanzo. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Nilichokishika mimi ni zile wiki nne. Kama huwezi kumfuatilia kila mtu mwaka mzima, usijaribu. Watenge wale wa hatua ya juu peke yao, wao ni wachache, halafu wape wiki nne tu za kuonwa na mtu. Baada ya hapo waingie kwenye utaratibu wa wengine.

Ninapokwenda sivai fulana yenye maandishi ya mradi. Nakwenda kama mgeni yeyote, na tumekubaliana na mgonjwa tangu kituoni nitajitambulisha nani, kama ni binamu au mtu wa kikoba. Nikifika siulizi kama amemeza dawa, kwa sababu ataniambia amemeza. Naomba aniletee mfuko wa dawa tuupange pamoja, na hapo naona yote. Wiki iliyopita nilimkuta mama mwenye vichupa vinne na pakiti mbili, ameacha Septrini kwa sababu aliona ni ya kikohozi na yeye hakohoi. ARV alikuwa anameza vizuri. Mtu kama huyo kwenye kadi yake ameandikwa mfuasi mzuri wa dawa.

Kuhusu namba ya simu ya jirani: siku ya kwanza mwulize mgonjwa, nikikukosa kliniki, nikutafute kwa njia gani ambayo haitakuletea maneno? Kila mtu ana jibu lake. Mmoja aliniambia niache ujumbe kwa fundi baiskeli kwamba vipuri vimefika.

Na waliotoka wodini, daktari wa Dar atanisamehe, wanatolewa Ijumaa na barua ndani ya bahasha iliyofungwa. Sisi huku hatujui kama wametoka. Wanafia hapo katikati.

Daktari wa wodi, Dar es Salaam

Dada, hakuna cha kusamehe, ni kweli tupu. Tulichoanza kufanya ni kumpigia simu muuguzi wa CTC ya mgonjwa siku moja kabla ya kumruhusu, mgonjwa akiwa amekaa kando yetu, ili waongee wao wenyewe na kupanga tarehe isiyozidi wiki moja. Barua tunaipa bila kuifunga, na mstari wa kwanza unasema anatakiwa kubadilishiwa nini na lini: tarehe ya kuanza ARV, tarehe ya kushusha flukonazoli, na kama yuko kwenye rifampisini, dawa ya TB, kwamba dolutegraviri, ambayo ni ARV, anameza mara mbili kwa siku, nyongeza ya miligramu 50 saa 12 baada ya kidonge chake cha kawaida. Hili la mwisho huwa linaangukia kwenye ufa kati ya kliniki ya TB na CTC, hata kama milango yao inatazamana. Simu si kila mara inapokelewa, nakiri.

Tabibu wa Nyanda za Juu (mleta mada)

Nimeelewa. Swali la mwisho kwa ndugu mteknolojia: hiyo safu ya jina na saa kwenye rejista, siku wewe uko likizo anaijaza nani? Kwetu maabara ina mtu mmoja.

Mteknolojia wa maabara, Kanda ya Ziwa

Kwetu inajazwa na muuguzi wa CTC, ambaye kila siku saa nane mchana anakuja maabara mwenyewe kuangalia rejista, simu iwe imepigwa au haikupigwa. Tulimweka yeye kwa makusudi, kwa sababu ndiye atakayemtafuta mgonjwa. Kwa maabara ya mtu mmoja ningeanza na hapo moja kwa moja, simu ikawa ni ya ziada. Na kwa damu mnayoipeleka hospitali ya halmashauri, mwombe muuguzi huyohuyo awe na namba ya anayepima huko, ampigie siku inayofuata bila kungoja pikipiki irudi na karatasi.